Kumi na Moja Nyuma ya Ukuta

Same, Jumapili 18 Februari 2024

Shangazi Yudith,

Shikamoo, na salamu hizi zikukute kabla ukungu haujashuka. Goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe uliyesema anapiga teke ndoo? Sisi huku tupo, vumbi linaingia mpaka ndani ya chai. Mama alipiga simu juzi kutoka Mamba. Anasema tangawizi ya mjomba imeota vizuri na kwamba mimi nimekonda, ingawa hajaniona tangu Krismasi.

Barua yako aliileta Sifael mwenyewe. Badala ya kuiacha stendi kama nilivyomwomba, alisimamisha gari mbele ya geti la shule akapiga honi mpaka Mkuu wa Shule akatoka kuuliza nani amefiwa.

“Barua ya karani wako,” Sifael akamwambia, “kutoka kwa shangazi yake asiyeamini simu.”

Mkuu alicheka. Mimi sikutoka ofisini mpaka saa sita. Tafadhali mwambie safari nyingine aiache dukani kwa Yasmini. Unajua mkataba wangu ni wa mwaka mmoja na unakwisha tarehe 30 Juni, na atakayeamua kama utaongezwa ni Mkuu huyo huyo. Natembea hapa kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Sasa ombi lako. Umesema wanawake wa usharika wamekuomba uzungumze juu ya malezi, na katika daftari lako la chuo cha ualimu umekuta ukurasa wenye jina “Thorndike”, na chini yake mistari miwili tu: raha hukaza, maumivu hufuta. Umeniuliza mtu huyu alikuwa nani, na je, ni kweli? Nilisoma saikolojia ya elimu miaka mitatu kabla ya kuangukia kwenye ukarani, kwa hiyo ngoja nijaribu.

Edward Thorndike alikuwa Mmarekani. Zaidi ya miaka mia moja na ishirini iliyopita, angali mwanafunzi, alitaka kujua mnyama hujifunzaje. Wakati ule watu walipenda kusimulia visa vya mbwa werevu na paka wenye akili kama za watu. Yeye akasema visa havitoshi, tupime. Alianza kwa kulea vifaranga kwenye chumba alichopanga, mwenye nyumba akamkataza. Baadaye akatengeneza masanduku ya mbao. Alimfungia ndani paka mwenye njaa, samaki akamweka nje. Mlango ulifunguka tu paka akivuta kitanzi au akikanyaga kibao fulani. Paka alikwaruza, alilia, alipenyeza makucha kila mahali, mpaka kwa bahati akagusa kitanzi. Akatoka, akala, akarudishwa ndani. Safari ya pili alitumia muda mfupi kidogo, ya kumi mfupi zaidi, mpaka mwisho akawa anakiendea kitanzi moja kwa moja. Thorndike aliandika muda wa kila safari. Hakuona siku ambayo paka alielewa ghafla. Aliona muda ukipungua polepole, kama njia ya miguu inavyojichonga msituni Shengena kwa kupitwa na watu.

Hapo akaweka sheria yake, Sheria ya Matokeo: tendo likifuatwa na jambo la kuridhisha, hujikaza, likifuatwa na karaha, hulegea. Hiyo ndiyo mistari yako miwili. Naishia hapo, kengele ya kanisa imegongwa.

Umeuliza pia kama namwona Agape, binti wa jirani yako Beatha. Namwona. Yuko kidato cha pili. Hana neno.

Mwanao,
Fanueli


Chome, 10 Machi 2024

Mwanangu Fanueli,

Marahaba. Goti langu linajua mvua kabla ya redio. Ng'ombe ameacha kupiga teke tangu nilipoanza kumlambisha chumvi kabla ya kumkamua. Mweleze Thorndike wako. Yule mwenye nyumba aliyekataa vifaranga nimempenda, bila shaka alikuwa na damu ya Kipare.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Imeandikwa vizuri, ila imekatika. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Namjua mtoto anayeacha swali la mwisho kwa sababu halijui, na namjua anayeliacha kwa sababu analijua. Nilikuuliza mambo mawili: mtu huyu ni nani, na je, ni kweli? La pili hukulijibu.

Halafu Agape, unayesema unamwona na kwamba hana neno. Agape yuko hapa kijijini tangu tarehe kumi Februari. Siku ulipoandika kwamba unamwona, alikuwa ametimiza siku ya nane hapa Chome, namwona mimi. Anafua kwa mkono mmoja. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji. Nilipomwuliza alisema alianguka. Mama yake alipomwuliza, alisema amechapwa na Eliufoo, mwalimu wenu wa nidhamu. Beatha alikuwa amempelekea shuleni mahindi mabichi, akamwita kwa Chasu, Kipare chetu, pale getini kama anavyomwita siku zote, na mtoto akaitika kwa Chasu. Nasikia kwenu ndani ya uzio ni Kiingereza tu.

Mama mtu anasema ataandika kwa bodi ya shule. Sikuulizi kitu. Nakupa habari za kijiji.

Shangazi yako,
Yudith


Same, Jumapili ya Pasaka, 31 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Leo kanisani tumeimba mpaka sauti zikakauka. Natumaini huko mmekula vizuri. Mimi nimekula makande ya juzi, lakini kwa furaha.

Umenikamata na siku zangu nane. Sikuwa nimemwona. Niliandika “namwona” kwa sababu ndilo jibu lililokuwa karibu. Nakuomba radhi.

Nijibu swali lako la pili. Mistari ya daftari lako si yote kweli. Yule aliyeianzisha ndiye aliyeitengua. Kwa miaka karibu thelathini Thorndike alifundisha kwamba tuzo na adhabu ni kama sahani mbili za mizani moja: hii huongeza, ile hupunguza kwa uzito uleule. Kisha akawajaribu watu wazima. Aliwapa neno la lugha wasiyoijua, wachague maana yake kati ya maneno matano. Wakipatia aliwaambia “sahihi”, wakikosea aliwaambia “si sahihi”. Halafu akarudia, akarudia. Aliyeambiwa “sahihi” alilikumbuka jibu lake. Aliyeambiwa “si sahihi” aliendelea kulichagua kosa lilelile karibu kama ambaye hakuambiwa kitu. Adhabu haikufuta. Pengine ilimfanya mtu ajaribu jambo jingine, lakini lile la kwanza lilibaki palepale.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1929 alisimama katika mkutano mkubwa wa wanasaikolojia wa dunia, watu waliojenga kazi zao juu ya sheria yake, akaanza kwa kusema kwamba alikuwa amekosea. Mwalimu wetu wa chuo alipotusimulia, darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Nilijiuliza alisimamaje bila magoti kugongana.

Hayo ndiyo unayoweza kuwaambia wanawake wa usharika.

Kuhusu Beatha, nakuomba umshauri asubiri. Barua kwa bodi huamsha mambo yaliyolala. Mtoto anaweza kuhamishiwa shule nyingine kimyakimya, na nyinyi mkabaki na amani. Bodi itafuata kitabu cha adhabu, na kitabu kinasema viboko vinne, na hicho ndicho kiwango kinachoruhusiwa. Hakuna atakayeamini zaidi ya hapo.

Nakuombea goti.

Fanueli


Chome, 28 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii itachelewa. Mvua imekata barabara, udongo umeshuka na migomba mitano ya Elibariki fundi seremala, yote imesimama wima katikati ya njia kama imepandwa pale. Sifael amesema ataibeba kwa miguu mpaka gari lilipo, na kwamba safari hii atapiga honi kwa mdomo.

Beatha hakusubiri, na mimi sikumshauri. Aliandika. Mkuu wenu amemjibu kwamba mtoto alianguka nyumbani na sasa anaichafua shule. Bodi itakaa Alhamisi tarehe 13 Juni. Ikionekana Agape amesema uongo, ataondolewa shuleni. Ili kumaliza ubishi, Mkuu ameambatisha nakala ya ukurasa wa kitabu cha adhabu.

Beatha aliniletea nakala hiyo nimsomee. Tarehe 8 Februari. Jina la mtoto. Kosa: lugha. Viboko: vinne. Nilisoma mpaka hapo nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

Fanueli, ile herufi g. Mkia wake unarudi nyuma na kupinda juu kama mkia wa mbuzi. Nilikuchapa sana kwa ajili ya mkia ule, darasa la kwanza, la pili, la tatu. Haukukoma. Thorndike wako ana haki.

Beatha akaniuliza, “Mwalimu, mbona umenyamaza?” Nikamwambia miwani ina ukungu.

Ninao watoto wangu wa darasani mia kadhaa na mwandiko wa kila mmoja naujua. Nilikuwa najivunia hilo. Watu wanatucheka kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Beatha hana ng'ombe. Ana vidole viwili vya mtoto wake na karatasi ambayo umeiandika wewe.

Wanawake wa usharika bado wananisubiri niseme juu ya malezi. Nimewaambia naumwa.

Yudith


Same, 12 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Tafadhali isome barua hii peke yako, kisha uichome.

Ofisi yangu na ofisi ya mwalimu wa nidhamu zilikuwa chumba kimoja. Walikigawa kwa ukuta wa plaiwudi usiofika hata sakafuni. Akifungua droo nasikia. Siku ile, Alhamisi saa nne asubuhi, nilikuwa napanga majalada ya wanaohama. Nilimsikia Eliufoo akisema, “Nyoosha mkono.” Kisha nikasikia fimbo, na baada yake sauti ya Agape ikisema, “Moja.” Wapo walimu wanaomlazimisha mtoto ahesabu, kwa hiyo sikushangaa. Alisema mbili, akasema tatu. Aliposema nne niliweka jalada mezani, nikajua imekwisha.

Akasema tano.

Nilikuwa na miguu, Shangazi. Mlango uko hatua tatu kutoka kwenye kiti changu. Sikuwa nimefungwa. Nilishika jalada lile kwa mikono miwili nikasoma jina lililokuwa juu yake, nikalisoma tena na tena, na sasa siwezi kulikumbuka. Aliendelea kuhesabu kwa sauti ileile, hata kulia hakulia, mpaka kumi na moja.

Kisha akatoka, akapita dirishani kwangu, mkono ameukumbatia kifuani. Akaniona. Akasema, “Shikamoo.” Nami nikaitika, “Marahaba.” Umri wangu ni miaka ishirini na sita. Niliitika kama mzee wa boma.

Kesho yake Mkuu alinifungulia kitabu mezani. “Karani, jaza hii ya jana. Vinne.”

Nikasema, “Vinne, Mkuu?”

Akaniangalia. Hakukasirika, hiyo ndiyo ajabu. Akauliza taratibu, “Kwani wewe ulihesabu?”

Nikasema, “Hapana.”

Nikaandika. Mkono haukutetemeka hata kidogo, uliona mkia wa g ulivyotoka vizuri.

Sentensi zinazofuata nimeziandika na kuzikata mara tatu. Unakumbuka kile kibao cha mbao chenye kamba, kilichokaa juu ya kabati lako darasa la tatu? Aliyesema Chasu alivishwa shingoni. Nilikivaa mimi kwa sababu nyuki aliingia darasani nikapiga kelele, na kelele ikatoka kwa Chasu. Sikuacha Chasu, Shangazi. Mpaka leo naota kwa Chasu. Nilichojifunza siku ile ni kwamba mtu mzima akikasirika, mdomo ufungwe na mwili usisogee. Hilo nalijua vizuri sana. Ukuta wa plaiwudi ulipoanza kusikika, nilifanya nilichofundishwa.

Usidhani nakutupia mzigo wangu. Wengine wengi walikivaa kibao kile na leo ni watu wanaoweza kufungua mlango. Nakueleza tu kwa kuwa umeuliza kama ni kweli kwamba maumivu hufuta.

Zimebaki siku thelathini na mbili kabla ya bodi. Nikisema, nimepoteza kazi, na mama ananitegemea. Nikinyamaza, Agape anaondolewa kwa uongo ambao ni wangu. Kila asubuhi naamka nimeamua, na nikifika getini sijui niliamua nini.

Naona haya hata kutia sahihi.

F.


Chome, 26 Mei 2024

Fanueli,

Salamu zako nimezipokea. Mama yako alipita hapa, ni mzima, alileta tangawizi na maneno mengi.

Jumamosi tulikuwa na msaragambo wa barabara. Pembe ililia alfajiri na kila nyumba ikatoa mtu: wenye majembe, wenye mapanga, mimi na goti langu nikiwa msimamizi wa sufuria. Mpaka saa nane udongo ulikuwa umeondoka na Elibariki amerudishiwa migomba yake, akilalamika kwamba waligeuza upande. Tulipokaa kula makande, mwenyekiti akasema Mwalimu Yudith atushukuru kwa niaba ya wote.

Nikasimama. Nilitazama nikaona kwamba kati ya watu wale, nusu niliwafundisha mimi. Niliwashukuru. Kisha nikasema, “Nilikosea.”

Wakadhani nazungumzia chumvi. Ernesta akasema, “Makande yako sawa, Mwalimu, kaa.”

Nikasema si makande. Nikawaeleza kwamba chuoni nilifundishwa kuwa maumivu hufuta kosa, nikafundisha hivyo miaka thelathini na minne, na kwamba aliyeianzisha sheria ile aliitengua kabla mimi sijazaliwa, ila habari haikufika kwenye daftari langu. Nikasema niliwavisha kibao shingoni kwa sababu ya lugha ya mama zao. Nikasema tena, nilikosea.

Hapo Elibariki akasema, “Mwalimu, kile kibao nilikichonga mimi. Ulinisifu nimekipiga randa vizuri. Na wa kwanza kuvishwa nikawa mimi.”

Watu wakacheka. Ernesta akakasirika: “Mwalimu, usituharibie watoto! Bila fimbo zako huyu Elibariki angekuwa mwizi wa kuku.”

“Nilikuwa mwizi wa kuku, Mama Ernesta,” Elibariki akajibu. “Kuku wako. Fimbo zilinifundisha kumshika bila kelele.”

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi nami nilicheka, halafu nikamwona Beatha. Yeye hakucheka. Agape alikuwa anagawa maji, kikombe kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto, na kila aliyempa alimwambia, “Samahani.”

Jina lako halikutoka kinywani mwangu. Hilo si langu kulitoa.

Lipo jambo ambalo sikulisema mbele yao, nalisema hapa. Wengine walikivaa kibao mpaka mapumziko. Wewe ulikivaa mpaka jioni. Ulikuwa mtoto wa kaka yangu, na sikutaka watu waseme nakupendelea. Nilikuona unaenda nyumbani ukiwa umeshika shingo. Nilikaa darasani mpaka ulipopotea kwenye kona, ili tusiongozane. Nisamehe, mwanangu. Ukishindwa, nitaelewa.

Barua yako sikuichoma. Sikumwonyesha mtu pia. Iko ndani ya bahasha hii. Kama ni ya moto, moto uko na huko Same.

Shangazi yako


Same, Jumapili 16 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Goti lisamehewe kupanda kwenye miamba kwa wiki hizi, baridi ya Juni si mchezo. Mama nimemweleza kila kitu kwa simu. Aliniuliza kama nimekula.

Kibao nilishakisamehe zamani, au nilidhani hivyo. Uliposema “mpaka jioni”, nililia hapa mezani kama mtoto wa darasa la tatu. Kwa hiyo huenda ni sasa ndiyo nimekisamehe.

Barua yangu nilikaa nayo mfukoni siku kumi. Katika ofisi tuna utaratibu: kilichoandikwa kwenye kitabu hakifutwi wala hakipakwi rangi nyeupe. Unapiga mstari mmoja ili la kwanza lisomeke, unaandika la kweli juu yake, unaweka sahihi na tarehe. Jumatatu nilikitoa kitabu kabatini, nikakirudisha. Jumanne vilevile. Jumatano Mkuu alipoenda kunywa chai, nilipiga mstari juu ya “vinne”, nikaandika “kumi na moja, sahihisho langu”, na jina langu lote. Safari hii mkia wa g umetoka vibaya sana, ungeupenda.

Alhamisi mwenyekiti wa bodi alifungua ukurasa ule akaushika karibu na macho. Mkuu alikuwa bado anatabasamu. Mwenyekiti akauliza, “Karani, hii ni nini?”

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kurasa mbili, na barua yangu kwako iko mfukoni ili niisome. Yote yalikimbia. Nikasema, “Nilikosea.”

“Ulikosea kuhesabu, au kuandika?”

“Kuandika,” nikasema. “Kuhesabu nilihesabu sawa.”

Hapo Eliufoo akainamisha kichwa, na Mkuu akaacha kutabasamu. Baada ya hapo waliniuliza mengi, nami niliyajibu nimesimama. Magoti yaligongana, lakini Shangazi, mtu anaweza kusimama huku yanagongana. Sikulijua hilo.

Agape haondolewi, atabaki shuleni, na shule itabeba matibabu ya mkono. Suala la Eliufoo na Mkuu limepelekwa wilayani. Ijumaa nimepewa barua ya mistari miwili: mkataba wangu hautaongezwa. Haikunishtua. Karani aliyeandika vinne ni mimi, na nisingependa kitabu cha mtu kiwe mikononi mwake.

Nakuandikia si kwa sababu ya hayo. Nimekaa na jambo moja siku tatu na sina mwingine wa kumwambia.

Kikao kilipokwisha, Beatha alitoka akanipita bila kunitazama, na ni haki yake. Agape alibaki nyuma. Akanisalimia, “Shikamoo.” Nikashindwa kuitika. Nikamwambia kwamba siku ile nilikuwa nyuma ya ukuta.

“Najua,” akasema. “Ule ukuta haufiki chini. Nilikuwa naona viatu vyako.”

Nikamwuliza kitu cha kipumbavu, kama Eliufoo ndiye aliyemwamuru ahesabu.

“Hapana,” akasema. “Mwalimu aliniambia ninyamaze. Nilihesabu ili wewe usikie. Viatu vyako vilikuwa vinanitazama, nikajua ikipita nne utakuja.”

Alisema bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Kisha mama yake akamwita kutoka getini, kwa Chasu, kwa sauti kubwa. Akaitika kwa Chasu. Kabla ya kwenda akanipa mkono wa kushoto kuniaga, na akaniomba radhi kwa kunipa wa kushoto.

Nitapanda kuja Chome na gari la Sifael baada ya tarehe 30. Sitaki wanipokee stendi. Siku za mwanzo nitapita njia ya chini, ile isiyopita kwa Beatha, mpaka nitakapoweza kupita ya juu.

Fanueli